Mswaki Niliomnyang'anya Baba

Mpaka leo nikiona mti wa mswaki nakasirika, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Baba alikuwa fundi wa magari katika mtaa wetu wa Buyenzi. Mikono yake haikukosa grisi hata siku ya Idi, lakini kinywa chake kilikuwa safi: kabla ya kila sala alisugua meno kwa mswaki, mara tano kwa siku. Miaka ile ya vita, vikwazo vya nchi jirani vikiwa vimefunga mipaka, akakutwa na saratani ya tumbo. Daktari alimpasua vizuri, sitamnyima haki yake. Uvimbe ukatoka, tukashukuru Mungu.

Katika hospitali zetu mgonjwa huuguzwa na nduguze. Kumwogesha, kumfulia, kumgeuza, yote ni yetu. Muuguzi akaniambia kwamba kitu chochote kisipite mdomoni kwa baba mpaka daktari aseme, kisha akaenda zake. Hakuna aliyenieleza kwamba kukatazwa kula si kukatazwa kusafishwa. Basi baba alipoamka na kupapasa mswaki wake chini ya mto, nikamnyang'anya.

"We mutoto, mi nitasali na kinywa hii?" aliniuliza.

"Muganga amekataza, papa. Uvumilie."

Akavumilia siku nne. Ulimi ukaota utando mweupe, midomo ikapasuka, nami nikajiona mtoto mtiifu. Kwenye kitanda cha jirani, mama mmoja aliyekimbia vita vya Kongo alikuwa akimfuta mumewe kinywa kwa kitambaa na maji ya chumvi, kila muuguzi alipogeuka. Nilimwona mkaidi. Nusura nimshtaki.

Siku ya tano baba alishikwa na homa, kifua kikaanza kukoroma. Daktari akamfunua kinywa, akatazama, akasema uchafu wa mle umeshuka mapafuni. Hapo ndipo kila mtu alipopata mbio! Nikaandikiwa sindano ambazo famasi zote hazikuwa nazo. Nikapanda mtaa wa Kiriri kuwabembeleza wakubwa, nikashuka mtaa wa Kinindo kugonga mageti ya watu wa mashirika, na mashine ya baba ya kuchomelea ikauzwa. Sindano zikapatikana. Muuguzi yule yule akazichoma kwa saa zake na kuziandika moja moja kwenye karatasi. Maji ya chumvi, ambayo hata mimi maskini ningeyachemsha kila asubuhi, hayakuwa na nafasi kwenye karatasi ile. Hasira hiyo haijanitoka.

Sindano zilichelewa. Baba akafariki.

Alipooshwa, mimi ndiye niliyemimina maji. Mwoshaji, mzee wa msikiti wetu, alizungusha kitambaa kidoleni, akakilowesha, akampitishia baba kwenye meno taratibu, kama dini inavyotaka. Kitambaa kikatoka kimechafuka. Akaniuliza imekuwaje mtu wa mswaki kama huyu kuachwa hivi.

Nikamjibu kwamba nilikatazwa.

Akachukua kitambaa kingine, akakilowesha.