Mkungu wa Juu

Baba yangu amekwea michikichi miaka hamsini, na majirani walimpachika jina la Kima. Hakuchukia. Alisema kima ndio wenye shamba, yeye ni kibarua wao.

Alikuwa na sharti moja: katika kila mchikichi, mkungu mmoja wa juu haukatwi. Huo ni wa hondohondo, kindi na kima wa msituni. Utotoni niliona ni wema. Nilipoachika nikarudi nyumbani kukamua mawese, niliona ni upuuzi mtupu. Mimi ndiye niliyekuwa nikichemsha na kutwanga chikichi, macho mekundu kwa moshi, halafu nigawe mafuta yangu kwa ndege?

Baba alipoanguka akavunjika nyonga, nilimwita mkwezi wa kukodi. "Kata yote," nilimwambia. Dirisha la baba lilikuwa wazi, akasikia. Nilimpelekea uji.

"Umefukuza wapandaji," akasema.

Nilidhani ni homa.

Mwaka wa tatu tangu siku hiyo upepo ukaangusha michikichi miwili mizee. Nikaenda kutafuta miche ya kuziba pengo, nikazunguka shamba zima nisione hata mmoja. Hapo akili ikanikaa sawa. Baba hakuwahi kupanda mchikichi maishani mwake. Hao wanyama ndio waliokuwa wakibeba chikichi, wanakula nyama yake na kudondosha kokwa huku na huko. Nikajitia ujuzi, nikafukia kokwa arobaini kwenye makopo. Zote zikaoza. Niliogopa, maana michikichi ikiisha, nasi tumekwisha.

"Nipe kikapu cha chikichi kila asubuhi," baba akasema. "Zilizoiva. Usiniletee makapi."

"Mguu huo utakufikisha wapi, baba?"

"Ukinishinda nitatambaa."

Akawa anakwenda na mkongojo hadi ukingoni mwa msitu, anamwaga chikichi chini, anarudi akihema. Siku nyingine alirudi na matope magotini. Kikapu nilimpa, lakini mikungu ya juu niliendelea kuikata. Kichwa changu ni kigumu, nimekirithi kwake.

Mvua za pili zilipokwisha aliniita nyuma ya choo. Palikuwa na mche wa mchikichi ambao hatukuupanda sisi, haujafika hata gotini. Alikuwa amesimama kando yake, mkongojo umezama kwenye udongo laini.

"Miaka hamsini," akasema, "na huu ndio wa kwanza kuuona kilele nikiwa nimesimama chini."

Akacheka mpaka akashika nyonga. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Kesho yake mkwezi alikuja na panga lake. Nilimwambia mikungu ya juu asiiguse.

"Kwani ni ya nani?" akauliza.

"Ya wenye shamba," nikamjibu.