Naambiwa nisahihishe "mwiko" kwenye adventure yangu. Sisahihishi, na sababu inaitwa Owori

Wakuu, salamu kutoka Busia, upande wa Kenya, karibu kabisa na geti la mpaka.

Haya ninayoandika yametokea mbele ya macho yangu. Mashahidi wapo watatu na wote ni wabishi, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi sitafika mbali.

Kule kwenye group letu la wachezaji wa RPG za mezani watu hawaachi kunitag, eti adventure niliyotoa ina kosa. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Leo nalileta jambo lote hapa.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mnakaa mezani watu wachache. Mmoja anasimulia na kuwasemea watu wote wa ndani ya kisa, sisi tunamwita mwenye kisa. Wengine kila mtu ana shujaa wake, anasema shujaa huyo anafanya nini, na penye mashaka mnarusha dadu. Hakuna screen. Ni midomo, dadu na ubishi.

"Adventure" ni kisa kilichoandikwa tayari. Mwenye kisa anakisoma kwanza, halafu anawapitisha wenzake humo.

Mwenye kisa ni mimi, Nekesa. Nina saluni. Jumapili baada ya kanisa tunafunga mlango, tunasogeza dryer pembeni, na dadu tunarushia ndani ya bakuli la rollers kwa sababu meza yangu imeinama upande mmoja.

Kuna mama mmoja wa kanisani aliwahi kupita dirishani akasikia sauti ya mwanamume ikisema, "Nimemkata pepo mkono." Akaenda kutangaza kwamba saluni ya Nekesa ina mambo. Bahati nzuri aliyemkata pepo mkono ni mwalimu wa Sunday school.

Huyo ndiye Wandera, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Lunyo, ng'ambo. Na hapa kwetu ng'ambo si Ulaya jamani, ng'ambo ni Uganda, kule ninakokuona nikisimama mlangoni.

Mwingine ni Auma, jirani yangu wa mitumba. Mdomo anao.

Wa tatu ni Owori, mkulima wa Petta kule Tororo. Mwisho wa wiki analeta vitunguu Busia, na kabla ya kurudi kwao anapita mezani kwetu. Owori si mtu wa maneno mengi. Anaweza kukaa kimya mchezo mzima, halafu aseme sentensi moja mkose la kufanya.

Basi, kikatoka kitabu kipya cha adventures, cha wale wachapishaji wakubwa wa nje.

Group ikawaka moto. Wengine wakasema ramani zake ni nzuri mpaka unataka kuzitundika ukutani. Wengine wakalia kwamba ni rahisi mno, shujaa hafi hata akitaka. Wapo waliogombana kuhusu picha ya jalada tu, kitabu chenyewe hawajafungua. Kuna jamaa mmoja, anajiita Jenerali Dadu, aliandika sifa ndefu kama hotuba ya harusi.

Nami nikakipata. Nikakileta mezani nikiwa na hamu kweli.

Wakuu, kilituchinja.

Kitabu kizima ni theluji. Mashujaa wanatembea kwenye theluji, wanalala kwenye theluji, wanapigana na dubu wa theluji. Na maelezo yote ni Kiingereza kirefu kilichojikunja, kwa hiyo nasoma, Wandera anatafsiri, Auma anauliza, tukimaliza kuelewana jua limeshageuka.

Owori alikuwa amekaa na dadu lake mkononi, hajalirusha hata mara moja. Mwishowe nikamwuliza shujaa wake anafanya nini.

Akasema, "Madam, mimi hii baridi sijui. Nyinyi cheza. Jumapili ingine mimi sikuji."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliniuma. Mtu akikasirika unaweza kumbembeleza, lakini yule alikuwa amekubali tu kwamba ule mchezo si wake.

Nilimwambia anipe Jumapili moja tu, ya mwisho, na nitakapomwita aje. Akasema sawa. Alipotoka nikawaambia Auma na Wandera kwamba naandika adventure yangu mwenyewe, kwa Kiswahili, yenye mto, soko na joto la kutosha. Auma akaniambia nina wazimu. Nikamwambia wazimu ninao, kalamu ninayo pia.

Nikaandika. Nikisuka mteja nawaza daraja, nikiosha kichwa nawaza joka. Kuna dada mmoja alisukwa mistari ikaenda kombo kwa ajili ya joka hilo na sikumtoza, tuliyamaliza.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna miji miwili, mto katikati, daraja moja, na lango la daraja limefungwa miaka mingi. Malkia wa mji mmoja aligombana na wa ng'ambo, akaapa kwamba katika mji wake hakuna mtu ataomba wala kuazima chochote kutoka ng'ambo. Huo ndio mwiko wake. Watu wameusahau ulivyoanza, wameshika tu woga.

Juu ya lango nikaandika maneno haya: Lango hili halifunguki mpaka mwiko wa malkia uvunjwe.

Mpango wangu ulikuwa mashujaa wapande mnara, wapigane na joka la mtoni, wapate jiwe lenye kile kiapo, walipasue mbele ya malkia. Joka lenyewe nililipa mapezi, sumu na jina. Nililipenda joka lile, sitaki kuficha.

Nikamwita Owori. Akaja, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, koti hajavua. Nililiona lile koti na nikaelewa: bado yuko nusu njiani kurudi kwao.

Tukaanza. Walipofika langoni nikawasomea yale maandishi. Wandera akasema shujaa wake anakwenda mnarani kutafuta kiapo. Auma akamfuata. Nikamgeukia Owori.

Akauliza, "Jiko ya huyu malkia iko wapi?"

Nikamwambia liko nyuma ya kasri.

"Mimi nakwenda huko. Natafuta ile mwiko. Nikipata, navunja."

Wandera akacheka mpaka akavua miwani. Auma akapiga meza kwa kiganja. Wandera akaanza kumweleza kwa sauti ile ya darasani kwamba mwiko hapo ni jambo lililokatazwa, si mwiko wa kusongea ugali. Auma akaongeza kwamba labda tuvunje na sufuria.

Owori aliliweka dadu lake ndani ya bakuli, polepole, akaanza kufunga vifungo vya koti.

Wakuu, hapo nilimwona anaondoka. Nilimwona Jumapili zote zijazo hayupo. Na nilikasirika, tena sana, kwa sababu neno lile nililiandika mimi, na yeye alilielewa vile linavyoitwa jikoni kwao. Kwani jikoni kwangu linaitwaje?

Nikasema, "Hapa mwenye kisa ni mimi. Owori, mwiko wa malkia uko jikoni, umefungiwa kabatini, na mpishi amesimama mbele ya kabati. Unafanya nini?"

Auma akafungua mdomo. Nikamwangalia, akaufunga.

Owori akalichukua dadu, akarusha ili apite bila mpishi kumwona. Likaingia chini ya roller. Tulipoinua, namba mbovu kabisa.

Nikamwambia, "Mpishi amekushika mkono, anauliza unataka nini."

Sasa mtu mwingine angesema anapigana. Owori akasema anamwambia mpishi ukweli. Na hapo ndipo yule bwana mkimya alipoongea kuliko siku zote nilizomfahamu.

"Nyumbani kwetu mama akikasirika na sisi anaficha mwiko. Hakuna posho, hii ugali yenu, mpaka watu wameongea. Siku moja kaka yangu akavunja ile mwiko, alifikiri amemaliza maneno. Sasa jioni mama anasonga na nini? Akatuma sisi kwa jirani, na huyo jirani walikuwa hawasalimiani. Huyo jirani akatupatia mwiko, akaja na yeye kuangalia kama tutarudisha. Mpaka leo wanakaa pamoja."

Hakuna aliyecheka.

Nami nikiwa mpishi, sikujua nitasema nini mpaka nikajisikia nasema: nina dada yangu ng'ambo, sijamwona tangu lango lifungwe. Nikafungua kabati. Nikampa Owori mwiko. Nikamwambia, "Vunja wewe. Nikivunja mimi nitafukuzwa."

Akauvunja. Ingawa alifanya kwa mikono hewani tu, tuliusikia ukivunjika.

Basi kasri likakosa chakula. Maji yanachemka, unga upo, hakuna cha kusongea, na fundi wa kuchonga miiko yuko upande ule mwingine wa mto, maana nilishaandika mwanzoni kwamba miti yote mizuri iko kule. Wandera na Auma wakaacha mnara, wakarudi mbio kuona. Malkia anauliza chakula, anaambiwa mwiko umevunjika. Anangoja. Njaa haijui taji, wakuu.

Malkia, yaani mimi, akasema, "Nendeni mkaazime ng'ambo."

Nilipoyatamka maneno hayo sikuwa nimeelewa. Aliyeelewa kwanza ni Wandera. Alisimama, akasema taratibu, "Ameomba ng'ambo. Ameuvunja mwenyewe."

Mwiko ulikuwa umevunjika, na kwa sababu umevunjika, mwiko ukavunjika. Lango likafunguka.

Auma alipiga ile dryer mpaka kifuniko kikashuka. Wandera akamshika Owori mkono akautikisa kama wametoka kufunga bao. Mimi nilitokwa na machozi, na sioni aibu kusema. Joka langu lilibaki limelala mtoni. Mpaka leo hakuna aliyeliamsha.

Owori akavua koti.

Nikaiandika upya adventure, nikaliacha lile neno bila maelezo. Mwenye kisa anaambiwa: wachezaji wako wakielekea mnarani, waache waende, wakielekea jikoni, waache waende. Nikaweka PDF kwenye group, bure kwa kila mtu. Ukurasa wa kwanza nimeandika: Njia ya jikoni ni ya Owori.

Maoni yakaanza.

Meza moja ya Mwanza waligawanyika nusu kwa nusu, wakabishana mpaka chai ikapoa. Dada mmoja wa Mombasa aliandika kwamba wachezaji wake waliuficha mwiko badala ya kuuvunja, wakamdai malkia pilau. Kuna mtu wa Eldoret alisema ni mara ya kwanza mama yake kukaa mezani akacheza, kwa sababu alisikia habari za jikoni akaja kutoa ushauri.

Na wapo waliochukia. Hakuna vita. Hakuna hazina. Joka la nini kama halipiganwi? Mmoja aliandika kwamba hiyo si fantasia, ni mapishi. Hiyo nilicheka, nakubali ni nzuri.

Jenerali Dadu ndiye aliyekaza. Anaandaa mkusanyo wa adventures za Afrika Mashariki, na akaniambia wazi kwamba yangu itaingia nikirekebisha mawili: niliamshe joka, na kwenye lango niondoe "mwiko" niandike "katazo", maana sentensi ilivyo ina makosa na inachanganya wasomaji. Watu wengi wakamuunga mkono. Wengine kwa upole, wananiambia dada usiwe mkaidi, neno moja tu.

Nililifikiria. Nani hataki kazi yake isomwe mbali? Lakini nikiweka "katazo", jikoni hakuna mtu atakwenda. Atakayeelewa vile Owori alivyoelewa ataambiwa kabla hajafungua mdomo kwamba amekosea mlango.

Nikamjibu Jenerali kwamba mkusanyo wake nautakia heri, na neno linabaki. Akajibu mbele ya watu wote: "Kosa ni kosa hata ukililinda."

Nilikuwa naandika jibu kali, nimeshalifikisha nusu, likaingia jibu la mtu mwingine. Account mpya, picha hamna. Sikujua hata kama alijiunga kwenye group. Nalinakili kama lilivyo:

"Hakuna makosa hapo. Ile mwiko mimi ndio nilivunja. Owori, Petta."

Nikafuta jibu langu lote. Halikuwa na kazi tena.

Nilichojifunza ni hiki: kitabu kipya kikitoka, sisi huuliza kama ni kizuri au kibaya. Siku hizi mimi nauliza kwanza ni nani kati ya watu wangu hajavua koti.

Haya, wanaocheza na wasiocheza, semeni yenu. Kwenu mwiko ukitajwa, mguu unaelekea mnarani au jikoni? Nasoma yote, hata matusi ya kistaarabu. Ila anayetaka ile sentensi ibadilishwe aje Jumapili saluni, kiti kipo, amweleze Owori mwenyewe.