Hapana Moja Kwenye Kopo la Biskuti

Gerben Wiarda ni mtu wa kukuchosha roho bila kukukosea. Nimesimama kushoto kwake jukwaani miaka ishirini na mbili, mimi na tuba langu, lile tarumbeta kubwa la besi, yeye na saksafoni yake kubwa ya sauti nzito, na sijawahi kumwona akichelewa, akilewa, wala akisema neno la kumfurahisha mtu tu. Kazi yake ya mchana ni kutunza pampu za maji nje ya mji wa Zwolle, hapa Uholanzi, zile zinazotuzuia tusiamke tukiwa tunaelea. Anaisikiliza mashine, anasema ina kasoro, anapanda baiskeli yake anaondoka. Na watu huwafanyia hivyo hivyo.

Bendi yetu inaitwa Lekke Boot, boti inayovuja, na jina hilo tulilipata kihalali. Onyesho la kwanza tulipiga juu ya tishari kuukuu katika mto IJssel, na kufikia wimbo wa tano maji yalikuwa yameshalowesha soksi. Watu hawakuacha kucheza. Tulianza kama bendi ya jazi, lakini kwetu jazi husikilizwa na watu waliokaa, mguu juu ya mguu, kidevu mkononi, na sisi tulitaka wasimame. Basi tukaichanganya na mdundo wa disko, tarumbeta za harusi za Wabalkani, na kaseko, muziki wa ngoma wa Suriname, aliyotuletea mpiga ngoma wetu, Wensley. Maduka ya santuri yalituweka kwenye rafu tatu tofauti. Mwandishi mmoja wa gazeti alituita bendi isiyojua inakokwenda, na barua yetu ya kumjibu haikutumwa kwa sababu hatukukubaliana sentensi ya kwanza.

Sisi hatuna kiongozi. Tuko saba, na wimbo hauingii kwenye orodha bila wote saba kukubali. Tunakutana Jumamosi asubuhi jikoni kwa Gerben na mkewe, Hanneke. Kila mtu anapata kahawa na biskuti moja, kisha Hanneke anazihamishia zilizobaki kabatini, na kopo tupu linakuwa sanduku la kura. Unaandika ndiyo au hapana, unakunja karatasi, unatumbukiza. Hapana moja inatosha kuua wimbo, na hairuhusiwi kuuliza imetoka kwa nani. Tulijivunia sana utaratibu huo.

Gerben ametunga wimbo mmoja tu maishani mwake. Aliutunga mwaka wetu wa pili, kwa ajili ya Hanneke, ambaye huja kwenye kila onyesho, anasimama kando ya fundi sauti na mkoba wake, na hachezi. Unaanza mbio, unapoa katikati mpaka unasikia pumzi za mpigaji, kisha unachanganya tena. Mazoezini sijapata kupiga kitu kizuri hivyo. Kopo lilikuwa limeukataa mara nne, kila mara kwa hapana moja.

Mwaka jana, mwezi wa tano, daktari akamwambia Gerben kwamba meno yake ya mbele ya juu lazima yang'olewe. Ndiyo hasa yanayoshika saksafoni. Nikamuuliza habari ya meno ya bandia.

"Yatatikisika," alisema.

"Umejaribu?"

"Roelien, nitajaribu vipi na yangu bado yapo?"

Ndivyo anavyoongea, na ukibishana naye unaumwa kichwa wewe. Meno yangetoka Jumanne. Onyesho la mwisho kabla ya hapo lilikuwa Jumapili alasiri, kwenye malisho ya kando ya mto. Kilibaki kikao kimoja. Wimbo wa Hanneke usipopita Jumamosi hiyo, Gerben asingeupiga mbele ya watu maisha yake yote.

Nikauweka kwenye ajenda mwenyewe. Mchawi wetu nilikuwa namjua: Diederik, mpiga tarumbeta, ambaye wimbo ukipoa tu huanza kuangalia saa. Nikamvuta mkono mlangoni.

"We Diederik, leo usituletee mambo yako."

"Mambo gani tena?"

"Unayajua."

"Siyajui, bwana. Nipishe, kahawa inapoa."

Tukanywa, tukaandika. Wensley akafungua karatasi moja moja. Ndiyo tano zilifuatana. Ya sita ilikuwa hapana, na damu ikanipanda kichwani.

"Diederik, wewe ni mtu wa namna gani? Mwenzio anang'olewa meno Jumanne, umeshindwa hata kumpa dakika sita?"

"Nimeandika ndiyo," alisema Diederik, uso umemwiva. "Mara zote tano nimeandika ndiyo. Wimbo wenyewe siupendi hata kidogo, lakini ni wa Gerben."

"Basi ni nani?"

Nilikuwa nimeuliza lile swali lisiloulizwa.

"Mimi," alisema Gerben.

Hanneke akageuka kutoka kwenye sinki. "Wewe nini?"

"Hapana ni yangu. Zote ni zangu. Pale katikati watu wataacha kucheza, na sisi ni bendi ya kucheza."

"Umenitungia wimbo, halafu ukaupigia kura ya hapana mara tano?"

"Kopo linauliza kama unachezeka, Hanneke. Halijauliza kama nakupenda."

Hanneke aliichukua biskuti ambayo Gerben alikuwa bado hajaila, akairudisha kabatini. Mimi nilitamani kumpiga kijiko. Miaka ishirini nilikuwa nimemchukia Diederik bure, na sasa ilinibidi nimwombe radhi, jambo ambalo mpaka leo hachoki kulikumbusha.

Jumapili, kabla ya wimbo wa mwisho, Gerben alipokuwa anakaza mkanda wa saksafoni, nikaanza kupiga besi ya wimbo wa Hanneke. Sikumuuliza mtu.

"Huu haujapitishwa," alisema.

"Najua. Piga."

Wensley akaingia na ngoma. Diederik akainua tarumbeta. Gerben alinitazama kwa hasira ya kweli, kisha akapiga.

Na pale katikati watu wakaacha kucheza, kama alivyosema. Malisho mazima yalisimama, bia mkononi, na hakuna aliyeondoka wala kuongea. Kule kwa fundi sauti Hanneke alikuwa ameweka mkoba wake chini kwenye majani.

"Umeona?" Gerben aliniambia tukishuka, machozi yakimfika kidevuni. "Wamesimama."

"Nimeona, Gerben."

"Iandikwe kwenye muhtasari kwamba haukupitishwa."

Nikaandika. Kikao kilichofuata alikaa mahali pake, mdomo umebonyea, akilowesha biskuti kwenye kahawa. Alikuwa mwanachama mpaka mwisho wa mwaka, kwa hiyo wimbo wa Hanneke uliporudi kwenye kopo naye alipiga kura. Zilitoka ndiyo sita. Ya saba iliandikwa kwa mwandiko wa mtu wa kujaza fomu za pampu: "Ndiyo, mkifupisha pale katikati."

Hatujapunguza hata noti moja. Saksafoni anapiga dada mmoja wa Deventer. Gerben ndiye anayesimama sasa kando ya fundi sauti, na mkoba wa mkewe begani, kwa sababu Hanneke yuko mbele kabisa, anacheza. Tukifika katikati wote wanasimama, isipokuwa yeye. Nilimwonyesha Gerben.

"Huyo ni mtu mmoja," alisema.