Spika Zetu za Kwanza

Juzi nilimwona kijana mmoja mtaani Langas amebeba spika, nikakumbuka mchana ule Baba aliponunua zetu za kwanza kwa jirani aliyekuwa akihama. Nje kulinuka moshi wa nyumba zilizochomwa katika ghasia za uchaguzi. Baba aliziunganisha na redio, akazungusha kitufe asichokijua, na mtangazaji akanguruma kwa lugha ya kwetu hadi mabati yakatetemeka.

Mama akachomoa waya. "Baba Joy, unataka mtaa mzima ujue sisi ni kabila gani?"

Mimi nilidhani anaogopa spika zitapasuka.

Hatua zikasimama mlangoni. "Hapo ndani ni akina nani?"

"Ni sisi tu, boss," Baba akajibu kwa Kiswahili. "Najaribu redio."

Nikafungua mdomo kumwomba Mama, kwa lugha ya kwetu, arudishe waya. Mkono wake, wenye harufu ya vitunguu, uliniziba mdomo hadi hatua zikaondoka.