Paka wa Bibi Hafungiwi Mlango

Usiku ule nilijifungia ndani kama mtu anayeogopa wezi, kumbe nilichokuwa naogopa ni baridi. Wala sikuiogopa kwa ajili yangu. Niliiogopa kwa ajili ya Shemeji.

Shemeji ni paka. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyempa jina hilo, kule Tanga, kwa sababu, alisema, anaonekana wakati wa kula tu, anakaa pazuri kuliko wenye nyumba, na ukimtuma hasikii. Ni mzee sasa, rangi ya majivu, sikio moja limekatika ncha. Bibi alipofariki ndugu waligawana vyombo, wakagawana kanga, cherehani ikaenda kwa mjomba. Paka hakuna aliyemtaja. Nikamtia kikapuni, nikapanda naye basi hadi Njombe, ambako nilikuwa nimehamishiwa kufundisha Jiografia. Miaka sita niliwafundisha watoto wa pwani habari za baridi ya nyanda za juu, nikachora mishale ya upepo ubaoni, na baridi yenyewe sikuwa naijua. Ulipofika mwezi wa sita ikanifundisha.

Bibi alikuwa na utaratibu wake. Nyumba yetu ilikuwa karibu na barabara kubwa, kwa hiyo paka hakutoka nje. Lakini humo ndani hapakuwa na mlango uliofungwa. Kila mlango wa chumba uliwekewa jiwe lililoviringishwa kipande cha kanga kuukuu, ubaki upenyo wa vidole vinne. Wakati wa joto la kaskazi Shemeji alijilaza kwenye saruji karibu na mtungi wa maji, na Bibi alimpangusa masikio kwa kitambaa kibichi. Kikiingia kipupwe alihamia jikoni, juu ya gunia lililokunjwa. Sisi watoto tulilalamika, maana ukitaka kubadilisha nguo chumbani unabaki unauchungulia mlango. Bibi hakujali.

"Mimi sijui mwili wake unataka nini," alisema. "Anajua mwenyewe. Kazi yangu ni kumwachia njia."

Njombe niliutupa utaratibu huo. Ningeachaje mlango wazi kwa upepo ule? Shemeji akaanza kukonda. Alilala amejikunja hadi pua imepotelea mkiani, na asubuhi alitembea kwa miguu iliyokakamaa. Nilimshonea fulana kwa mkono wa sweta langu la zamani. Aliivaa kwa sura ya mtu aliyedhalilishwa mbele za watu, lakini aliivaa. Kila usiku niliamka kumpapasa nione kama anapumua. Kile ndicho kitu pekee kilichobaki hai ambacho mikono ya Bibi ilikishika kila siku, na mimi nilikuwa nakiua kwa baridi. Niliona hivyo, na liliniuma.

Jirani yangu Mama Sanga, mzaliwa wa huko huko, alinionea huruma.

"Mwalimu, mbona mnateseka hivyo na huyo paka wako? Ingiza jiko la mkaa ndani. Subiri nje moshi uishe, mkaa ukolee vizuri, ndipo uingize. Utaona raha yake."

Hakuniambia kwamba jiko hutolewa kabla ya kulala. Hakunificha. Kwao hata mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo, na nani atamwambia mwalimu mzima kitu cha darasa la kwanza? Nami nilikulia katika nyumba ya madirisha ya mbao yasiyokutana, ambamo mkaa uliingia chumbani kwa udi na ubani ukatoka bila kumdhuru mtu.

Basi usiku ule nikaliingiza jiko. Nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikaisokota kanga nikaziba upenyo wa chini. Shemeji akaenda mlangoni akalia.

"Wewe nawe! Joto ni lako hili," nikamwambia, nikambeba hadi kitandani.

Akashuka. Nikamrudisha. Akashuka tena. Nikamwacha na kiburi chake, nikajifunika. Kichwa kilikuwa kizito, nikadhani ni uchovu wa kusahihisha madaftari.

Bibi akaja.

Sikumwona akiingia. Nilimkuta tu yuko ukumbini, na ukumbi ulikuwa ule wa Tanga wenye sakafu nyekundu, ila sakitu ilikuwa imetanda sakafuni, nyeupe, ile ninayoikuta asubuhi juu ya majani ya Njombe. Bibi alikuwa peku. Alikuwa amejifunga kanga kifuani na pindo lake ameliinua, amebeba ndani yake vitu vizito. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Nikasema, "Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Bibi yangu, aliyepokea salamu hata za walevi wanaopita, alinipa kisogo.

Anatembea. Anaufikia mlango wa kwanza, anausukuma, anatoa jiwe kwenye pindo la kanga, anainama kuliweka. Mimi nipo nyuma yake, ninaurudisha mlango kabla jiwe halijagusa chini. Anakwenda wa pili. Anasukuma, narudisha. Nyumba yetu ilikuwa na milango minne, naikumbuka vizuri, lakini usiku ule milango haikwisha. Nikifunga mmoja, mbele pana mwingine, na Bibi ameshaufikia, anahema, nyayo zake zinaacha alama kwenye sakitu. Namwambia, "Bibi, acha. Kuna baridi. Shemeji atakufa." Haachi. Mawe yanagongana kangani, haachi. Hasira zikanipanda. Nilitaka kumwambia kwamba hapa si Tanga, kwamba yeye ameshapumzika na shida zetu hazijui, aniache nimtunze huyu paka ninavyojua mimi. Adabu ikanizuia, nikaendelea kufunga.

Mlango mmoja ukanishinda nguvu, ukafunguka, tukawa darasani kwangu. Wanafunzi wote wamelala juu ya madawati. Madirisha yamefungwa. Ubaoni iko mishale yangu ya upepo, lakini nimeichora vibaya, yote inazunguka ndani ya duara na hakuna unaotoka. Nikapiga meza waamke. Mkono ulitua juu ya meza usitoe sauti. Bibi anapita katikati ya madawati, anamgusa huyu kipaji cha uso, anamgusa yule, anatikisa kichwa, anatazama dirishani. Mimi naona aibu. Najiambia, mwalimu mkuu akipita sasa atasema nimewalaza watoto.

Kisha pana joto.

Tuko jikoni, Tanga, pale penye gunia la Shemeji. Joto zuri, la kuingia hadi kwenye mifupa, joto ambalo miezi yote ile ya Njombe sijalipata. Bibi ameketi chini, miguu ameinyoosha. Mawe hana tena. Nikaona hapa ndipo tulipokuwa tunakwenda muda wote, na nilikuwa mpumbavu kumsumbua. Nikajilaza, nikaweka kichwa mapajani pake kama nilivyofanya nikiwa na homa utotoni. Kanga yake inanukia karafuu. Nikasema, "Bibi, nimechoka. Niache nilale hapa hapa."

Akanisukuma.

Akanisukuma kwa mikono miwili, kwa nguvu, kichwa changu kikagonga sakafu.

"Hapa si pako. Inuka."

Sikuwahi kusukumwa na Bibi. Kofi lake silijui. Nililia pale chini kama mtoto wa chekechea, na nilipojaribu kuinuka miguu haikunitii. Nikanyoosha mkono anivute. Akauficha wake chini ya kanga. Nikamwona anatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu na wakati umekwisha, na mimi nikaanza kuogopa, kwa mara ya kwanza usiku ule, ingawa sikujua naogopa nini.

Shemeji akaja, na fulana yake ya mkono wa sweta. Bibi akainama kwake. Mimi bado hakunitazama. Akasema na paka kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia dagaa:

"Shemeji, mwamshe huyu. Mimi mkono haufiki."

Paka akafungua mdomo, akalia.

Analia bado. Nimefumbua macho na analia, lakini si jikoni, ni chini, mlangoni, na kucha zake zinakwaruza mbao. Chumba chote chekundu kwa mkaa. Kichwa kinapasuka. Nikataka kuketi, nikaanguka kutoka kitandani ubavu ubavu, na pale chini nikaona: kanga niliyozibia upenyo ilikuwa imechanikachanika, nusu yake ameshaivuta ndani, na Shemeji amelala kifudifudi, pua ameisokomeza pale palipoachwa wazi. Paka yule hakuwahi kuzoea kufungiwa mlango maisha yake yote. Alikuwa hawezi kuvumilia, basi.

Nikatambaa. Toka kitandani hadi mlangoni ni hatua tatu, sijui zilinichukua muda gani. Nilijivuta kwenye kitasa, mlango ukafunguka, nikamkamata paka kwa fulana yake, nikamburuta naye ananiburuta hadi uani. Nikatapika juu ya sakitu. Kulikuwa kunapambazuka. Nilikaa pale na gauni la kulalia, paka mapajani, tunatetemeka wote wawili, na sijawahi kuipenda baridi kama nilivyoipenda asubuhi ile.

Mama Sanga alikuwa anatoka kuchota maji. Ndoo ikamwanguka.

"Mwalimu! Usiniambie umelala na jiko!"

Nikaitika kwa kichwa. Akajipiga mapaja, akaingia mbio kwangu huku ameziba pua kwa kitenge, akalitoa jiko, akafungua kila dirisha. Aliporudi alikuwa analia. "Sikukwambia. Mungu wangu, sikukwambia ulitoe." Akanivisha sweta lake, akanishika mkono hadi zahanati, na Shemeji tukaenda naye kikapuni kwa sababu nilikataa kumwacha.

Njiani nikamsimulia ndoto. Alisikiliza yote, milango, mawe, watoto waliolala. Nilipomwambia kwamba nilimpa Bibi shikamoo, akasimama.

"Alikuitikia?"

"Hapana. Na akanisukuma, Mama Sanga. Bibi yangu! Ndilo linaloniuma hadi sasa."

Akanivuta tuendelee kutembea. "Angekuitikia na kukupakata," akasema polepole, "leo tungekuwa tunakuja kuuchukua mwili wako."

Jioni ile sikuingiza jiko. Nilitafuta boksi la karatasi, nikaliweka mbali na dirisha, nikatandika blanketi, nikaizungushia taulo chupa ya maji ya moto na kuiweka pembeni, aisogelee akitaka, aikimbie akitaka. Dirisha nililiacha na upenyo juu. Mawe ya Bibi sikuwa nayo, nikachukua atlasi nene ya shule, nikaizungushia kile kipande cha kanga kilichochanwa, nikaiweka mlangoni, nikapima vidole vinne. Shemeji akapita kwenda ukumbini, akarudi, akapita tena kuhakikisha, kisha akaingia kwenye boksi lake.

Mimi nilikaa kitandani nikitazama upenyo ule. Tangu utotoni nilimwamkia Bibi kila siku, na hakuna hata siku moja aliyoninyima jibu. Usiku ule alikuja kutoka mbali kote kule, mimi nikatoa shikamoo kwa furaha yangu yote, naye akaifunga marahaba yake mdomoni ili mimi niamke.