Kahawa ya Madereva wa Mbio

Juzi, hapa Kibeta, mwanangu alinionyesha kwenye simu zile mbio za magari za kila mwaka za kule Kenya. Nilipoona vumbi jekundu, nikasikia harufu ya kahawa.

Nilikuwa mtoto kule Izigo redio iliposema kwamba madereva kutoka nchi za mbali wanakuja kwa kasi. Niliamini wanakuja kwetu, maana barabara niliyoijua ilikuwa moja tu. Na kwetu mgeni hupokewa kwa kahawa ya kutafuna. Bibi hakunicheka. Alijaza kikapu kidogo kahawa, tukaketi kando ya barabara mchana kutwa.

Mwishowe likaja lori la ndizi, likikohoa, dereva wake mwekundu kwa vumbi. Nikalipungia mikono, likasimama.

"Umekuwa wa ngapi?" nilimwuliza.

Dereva alimtazama Bibi.

"Huyu ndiye wa kwanza," Bibi alisema, akamnyooshea kikapu. "Karibu, waitu, ndugu yetu, pole na safari."

Dereva akatafuna, akapiga honi ndefu ya ushindi, akaondoka.

Sasa najua mbio zile hazikupita Izigo. Najua pia kwamba Bibi alikuwa na maharage ya kupalilia siku ile, na jembe lake lilishinda limeegemea mlango.