Ulimi wa Bi Mwatum

Katika Sokomuhogo nzima hapakuwa na mtu aliyejishindisha njaa nje ya Ramadhani ila Bi Mwatum Makungu, na lau angejishindisha peke yake, watu wasingemtia midomoni. Lakini yeye aliishindisha nyumba nzima. Mara moja kila mwaka, masika yakishapita na majani ya uwanga yakishakauka kule kwao Makunduchi, alichagua siku akaitangaza kama vile mwezi umeandama: siku hiyo kiberiti hakiwashwi, mfereji haufunguliwi, mafuta ya taa hayaguswi, na dukani haendi mtu. Aliiita Siku ya Kukosa.

"Tangu alfajiri mpaka magharibi tukae kama watu walioachwa," alisema.

"Walioachwa na nani, Mama?" Mwanawe Usi alifanya kazi gatini, akiziona meli kila siku ya Mungu, na hakuchoka kuuliza.

"Na hizo meli zako."

Basi siku hiyo moto ulitoka kwenye kumbi la nazi lililofukiwa jivuni tangu jana yake. Taa ya alfajiri ilikuwa kifuu chenye mafuta ya nazi na utambi wa pamba. Maji yalitekwa uani, kwenye kisima cha zamani chenye maji ya chumvichumvi ambacho kila mtu alikwisha kukisahau. Na chakula kilikuwa uji wa uwanga, hakuna kingine.

Uwanga ni kiazi cha mwituni, kichungu, na ukikila kibichi kitakudhuru. Hukunwa, kikachujwa, kikaoshwa kwa maji baada ya maji mpaka uchungu wote utoke na chini ya beseni ubaki unga mweupe, laini, usio na harufu. Watu wa mjini waliujua unga huo kwa kazi moja tu, ya kutilia nguo ili zikakamae. Ndiyo kazi iliyompa Bi Mwatum riziki tangu aingie mjini, mjane, na kijana wake Usi mkononi. Kofia za viua na kanzu za Ijumaa zilimjia kutoka Shangani mpaka Malindi, na kofia iliyopita mkononi mwake ilisimama kichwani hata mwenyewe akiwa amelala barazani. Kwamba kitu kilichosimamisha kofia kinaweza kuliwa, mjini hakuna aliyelifikiria hilo.

"Leo tutasimama wima kama kanzu za Idi," Usi alisema kila alipokabidhiwa bakuli lake.

Mariambai, mjane wa Kihindi aliyekaa ghorofani na ambaye nyumba ilikuwa yake, alimchungulia kutoka kwenye roshani. "Bi Mwatum, vita vishakwisha! Mchele tele Darajani!"

"Akiba haiozi, Mariambai."

"Akiba gani hii, ya njaa?"

Wakacheka wote wawili. Bi Mwatum alikuwa mwepesi wa kucheka. Wanaochekwa kila mwaka hujifunza kucheka wa kwanza.

Mwaka huo wa hamsini na sita, hata hivyo, kicheko chake kilikuwa cha midomoni tu. Wakati wa masika alishikwa na homa, na homa ilipoondoka iliondoka na ladha yake. Alitia pilipili ulimini, akatia ndimu, akatia chumvi ya mawe, asisikie kitu. Alikula wali kama anatafuna pamba. Hakumwambia mtu. Usi alipolalamika kwamba mchuzi umezidi chumvi, alisingizia kiganja kuteleza. Mficha maradhi kifo humuumbua, wasema watu, na Bi Mwatum mwenyewe aliwahi kuwaambia wengine maneno hayo kwa sauti kubwa.

Nawe usidhani ni ulimi wa kulia pilau tu aliokuwa akiulilia. Mama yake alimfunza kwamba maji ya uwanga hayahesabiwi, huonjwa. Kuna kiazi cha maji manne, kuna cha maji kumi. Inategemea udongo, inategemea mvua, inategemea kama jani lilikauka lenyewe au mchimbaji alifanya papara. Unachovya kidole, unatia ulimini, unangoja. Ukisikia uchungu au muwasho, mwaga maji, tia mengine. Usiposikia kitu, uwanga umekwiva. Na sasa Bi Mwatum hakusikia kitu kamwe. Kwa ulimi wake, kila uwanga ulikuwa tayari.

Angeweza kuiacha siku ipite mwaka huo. Lakini mwaka huo mjukuu wake Khamisa alikuwa ametimia miaka minne, umri wa kushika bakuli lake mwenyewe, na Bi Mwatum alijiona anakwenda ukingoni bila ya kumwachia mtu ujuzi wake. Mke wa mwanawe, Kidawa, alikuwa mwanamke mwema, mwenye mikono mizuri ya kupiga pasi, lakini uwanga mbichi hakupata kuutia kinywani.

"Mimi mtoto wa mjini, Mama," alisema. "Nipe kofia nikupigie. Hayo ya porini mimi siyawezi."

Viazi vikaja. Mjaka, binamu yake wa Makunduchi, alivileta kwa gari la shamba, na Bi Mwatum alipovimenya aliona vichwa vyake bado vina ubichi. Mjaka alikuwa amechimba mapema ili awahi gari. Bi Mwatum akavigeuza kimoja kimoja. Akajiambia, nitahesabu. Mara kumi. Kumi hazina kosa.

Akakuna, akachuja kwa kitambaa, akaweka beseni kivulini, uani. Kila adhana alimwaga maji ya juu akatia mapya, akakoroga kwa mkono, akaketi. Hapo ndipo palipokuwa pazuri kwake, na ndipo palipokuwa na hatari. Maji yaliyokorogwa huwa meupe kama tui, kisha taratibu, bila ya mtu kuyagusa, yanaanza kuachana na unga wake. Weupe unashuka. Juu panabaki maji matupu yenye kipande cha mbingu, na kunguru mmoja akipita humo kichwa chini. Bi Mwatum aliweza kutazama hivyo tangu adhuhuri mpaka alasiri, na pasi yake ya makaa ikapoa.

Siku ya Kukosa ilipofika alikuwa na maji manane. Kulikuwa na upepo mwanana wa kusi, juu Mariambai akitwanga iliki, na nyumba nzima ilikuwa na njaa ya tangu asubuhi. Bi Mwatum aliegemea nguzo. Alikuwa bado na unyonge wa homa. Weupe ulishuka, ukashuka, naye akashuka nao.

Akajiona yuko Makunduchi, mwaka wa arubaini na tatu, mwaka ambao meli za mchele ziliacha kuja. Borafya mumewe alikwisha kufa. Usi alikuwa kwa babu yake Kizimkazi. Alikuwa na Mwanapili tu, bintiye wa miaka minne, na siku ya tatu ile ya kula majani. Beseni lilikuwa mbele yake, mtoto anamvuta kanga: mama, njaa. Mama yake aghalabu huosha mara tano, naye ameosha mara tano. Viazi alivichimba mapema, nani angengoja? Akapika. Uji ulikuwa kidogo. Akafanya analofanya kila mama wa pwani ile katika njaa, na asipolifanya huitwa mama gani: alimpa mtoto kwanza. Alimtazama anakula, akashiba kwa kumtazama. Yeye mwenyewe hakuonja hata tone.

Mwanapili aliishi siku mbili. Watu waliambiwa ni homa, na Usi aliambiwa hivyo hivyo.

Katika usingizi mtoto alikaa ukingoni mwa beseni, miguu ndani ya maji, mzima kabisa, akichezea unga kwa vidole. Mwaga, mama, alisema. Bi Mwatum akainama akamwaga maji, akatia mapya, na mtoto akacheka kwa sababu yalikuwa baridi.

Alipofumbua macho, adhana ya alasiri ilikuwa inamalizika. Maji yalikuwa yametuama, masafi. Je, aliyamwaga, au aliota? Mikono yake ilikuwa imelowa, lakini huenda iliteleza ndani ya beseni. Manane, tisa, au kumi? Alijaribu kukumbuka, na kila alipokumbuka alimwona mtoto.

Kidawa alitoka jikoni kwenye moto wa kumbi. Khamisa alikuwa nyuma yake, na bakuli.

"Bibi, njaa."

"Mama, sufuria imeshachemka," Kidawa alisema. "Tutie? Mwana kashinda na maji matupu."

Bi Mwatum alichovya kidole akakitia ulimini. Akangoja. Palikuwa kimya kinywani mwake, kimya cha kupendeza, kama uwanga bora kabisa aliopata kuosha maishani. Alijua kwamba hata angelamba majivu angesikia kimya hicho hicho. Kidawa alikuwa ameshainama kulishika beseni.

"Usiguse!"

Alipiga kelele mpaka kinu cha Mariambai kikanyamaza.

"Kuna nini, Mama?"

"Sisikii kitu," Bi Mwatum alisema. "Ulimi wangu umekufa, mwanangu. Tangu masika. Nimekuficheni." Akasema na lililobaki, pale pale uani, bila ya kuchagua maneno: viazi vya mapema, mara tano, uji mdogo, na nani aliyekula kwanza. Lilikuwa jambo la miaka kumi na mitatu na lilimalizika kusemwa kabla makaa hayajafifia.

Kidawa alikaa chini pale pale alipokuwa, sakafuni. Alimvuta Khamisa mapajani akamshika kwa nguvu. Bi Mwatum hakuthubutu kumtazama. Alidhani anasubiri hukumu, na alikuwa tayari nayo.

"Unaonjwaje?" Kidawa aliuliza.

"Nini?"

"Huu uwanga. Nifunze."

Bi Mwatum alifuta macho kwa upindo wa kanga. "Ncha ya kidole tu. Tia hapa, ubavuni mwa ulimi. Usimeze."

Kidawa alichovya, akatia, akakunja uso kwa mazoea ya mtu wa mjini, kisha uso ukakunjuka. "Hauna kitu. Uko sawa, Mama."

"Ngoja. Ndipo anapokosea kila mtu. Huo una hila, hauji mara moja. Soma Alhamdu moyoni, yote, pole pole."

Kidawa alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikienda bila ya sauti. Alipofika kati akasita, na mkono ukamwendea kooni.

"Unawasha," alisema. "Nyuma huku. Kidogo, kama mtu anachoma na sindano." Akatema, akatema tena, akafumbua macho akamtazama mkwewe. "Bado, Mama. Bado kabisa."

Bi Mwatum aliangua kilio. Hakikuwa kilio cha kizee cha kufuta pembeni, bali cha yule mwanamke wa mwaka wa njaa, aliyekuwa na beseni Makunduchi na hakuwa na mtu wa kumwambia neno hilo moja. Kisha akanyanyua uso kwenye roshani, ambako Mariambai alikuwa amesimama na mchi mkononi.

"Mariambai! Una mkate?"

"Mkate wa dukani?" Mariambai hakuamini masikio yake. "Leo?"

"Leo. Mteremshie mtoto."

Mkate uliteremka kwa kikapu cha kamba, nusu boflo na siagi, na Khamisa aliula chini ya nguzo bila ya kujua kwamba alikuwa akivunja sheria iliyodumu tangu kabla hajazaliwa. Usi aliporudi kutoka gatini alimkuta mama yake amekaa na mkewe kando ya beseni, wote macho mekundu. Mama yake alimwita akae, akamwambia naye. Usi alisikiliza mpaka mwisho, akaushika mkono wake uliokunjamana kwa maji, na siku hiyo hakutania tena.

Maji ya magharibi aliyamwaga Kidawa. Ya isha aliyamwaga Kidawa, na ya alfajiri. Kila mara alionja, akasoma, akatikisa kichwa. Bi Mwatum alikuwa amelala kitandani mlango wazi, akisikia maji yakimiminwa uani, na mara kwa mara hakujua ni Kidawa anayemimina au ni mama yake mwenyewe, zamani. Hakujali kujua. Alilala usingizi wa mtu aliyetua mtungi.

Kesho yake adhuhuri Kidawa alisoma Alhamdu mara mbili, akasema, "Haya."

Uji ulipikwa, ukatokota, ukawa wa kung'aa. Khamisa alikuwa wa kwanza mkekani, na bakuli lake. Kidawa alichota kijiko, na mtoto akanyoosha mikono miwili.

Kidawa hakumpa. Alikipuliza, akakitia kinywani mwake mwenyewe, akameza. Mtoto alianza kulia, akamvuta kanga, mama, njaa. Kidawa alimweka mkono kichwani, akaendelea kukaa, akingoja, midomo ikienda pole pole bila ya sauti, na Bi Mwatum, ng'ambo ya mkeka, aliisoma pamoja naye.